Mgongo wa Saa ya Mwalimu Mkuu

Kinyozi hajinyoi, na mke wa fundi saa hana saa. Hilo la pili nimeliongeza mimi, baada ya miaka ishirini na miwili ya ndoa na zaidi ya hiyo ya kuinamia mashine za saa za watu.

Si kwamba hakuwahi kuvaa. Alivaa nyingi kuliko wanawake wote wa mtaa wetu. Fundi yeyote atakwambia: wateja huleta saa, huacha kitu kidogo cha kuanzia, kisha hupotea. Mwaka unapita, wa pili unapita, saa iko kwenye droo inamsubiri mtu asiyerudi. Basi zile nzuri nilikuwa nazichukua nampelekea mke wangu. Leo ya mkanda wa ngozi, mwezi ujao ya rangi ya dhahabu. Walimu wenzake wakamtania kwamba ameolewa na duka zima, na mimi nikajiona mume wa maana.

Mpaka siku mzazi mmoja alipokwenda shuleni kuulizia maendeleo ya mtoto wake, akaitambua saa ya marehemu mama yake kwenye mkono wa mwalimu. Mke wangu aliivua pale pale, mbele ya darasa zima, akamkabidhi. Jioni alinisimulia kwa sentensi moja, akaendelea kumenya viazi. Hakunigombeza, na mimi kwa ujinga wangu nikashukuru kwamba yamekwisha. Tangu siku hiyo, miaka minne, mkono wake ulikaa mtupu. Nikimletea saa ananiambia, "Irudishe tu kwenye droo, baba watoto. Mwenyewe atakuja."

Mwezi uliopita akateuliwa kuwa mwalimu mkuu. Barua ilikuja Alhamisi, kazi ianze Jumatatu ya wiki ya pili yake. Niliisoma mara mbili kwa sauti, kisha nikatamka bila hata kupiga hesabu:

"Nitakununulia saa mpya."

"Mpya ya nani?" akauliza.

Alikuwa anatabasamu, lakini hakuwa anatania. Iliniuma. Nikamwambia mpya yako, ya dukani, ndani ya boksi lake, haijawahi kugusa mkono wa mtu. Akasema haya, tutaona. Usiku huo nilijua kwamba nikiharibu hili, sitapata lingine la kurekebishia.

Ng'ambo ya korido, mkabala na chumba changu cha kazi, kuna duka la saa. Mwenyewe tunamwita Risiti, kwa sababu hajawahi kumpa mtu risiti tangu afungue. Ni mtu mwema kwa mambo mengine. Nilipomweleza shida yangu akanitandikia kitambaa cheusi juu ya kaunta, akaweka saa mbili za kike.

Ya kwanza ilikuwa na uso mweupe, safi, ya kampuni nzuri. Ya pili ilikuwa ya kampuni hiyo hiyo, umbo lile lile, ila uso wake ulikuwa wa kijani kibichi cha majani ya chai, na mgongoni imechongwa namba: 117/200.

"Toleo maalumu," Risiti akasema, akishusha sauti kama yuko msibani. "Zimetengenezwa mia mbili tu, dunia nzima. Hii ni ya mia moja na kumi na saba. Haina mwenzake."

Akataja bei. Ilikuwa karibu mara tatu ya ile nyeupe.

"Kwa rangi tu?"

"Kwa namba, fundi. Mtu akivaa hii, hakuna mwingine popote anayeweza kusema ni yake."

Laiti ningeyasikia maneno yale kama yalivyosemwa. Mke wangu angeyasikia. Lakini masikio ya fundi yana kutu yake. Mimi nilisikia muuzaji anayetaka kunifilisi kwa rangi ya kijani. Maisha yangu yote nimeamini kwamba saa ni mashine, mengine yote ni nguo. Nimefungua saa za mabwana wakubwa nikakuta ndani takataka, na nimefungua saa za walinzi wa getini nikakuta mashine inayotembea kwa adabu.

"Niazime zote mbili nikazitazame mezani kwangu," nikasema. "Mbuzi kwenye gunia mimi sinunui."

"Chukua. Lakini hii ya kijani tazama kwa macho, bwana. Macho tu."

Nikamwambia mimi si mtoto. Nikavuka korido nikiwa na saa mbili mfukoni na hasira kidogo ya kufundishwa kazi.

Ilikuwa saa nane mchana, mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri. Nikavaa lenzi jichoni. Nikaanza na nyeupe: nikaubandua mfuniko wa nyuma, nikatazama mashine, nikanukuu namba yake kwenye karatasi. Mashine nzuri. Kisha nikaigeuza ya kijani. Mgongoni ilikuwa na stika nyembamba ya kiwanda, inayong'aa, imepita kutoka kwenye mfuniko mpaka kwenye fremu. Naapa kwamba niliiona. Niliiona kama ninavyoyaona manailoni yote ya vitu vipya, ambayo kazi yake ni kutoka. Mikono yangu imefungua maelfu ya saa, na siku hizi hainiombi ruhusa. Kisu kikaingia, stika ikachanika, mfuniko ukaruka.

Nikatazama ndani. Mashine ile ile! Mfano ule ule, namba ile ile niliyoandika kwenye karatasi, mpaka alama za skrubu ni zile zile. Nilicheka peke yangu kwa sauti, fundi viatu wa chumba cha jirani akauliza kuna nini. Nikamwambia nimemkamata mwizi. Uamuzi ulikuwa umeshafanyika: mwalimu mkuu atavaa nyeupe, na pesa itakayobaki itaongezwa kwenye akiba yangu ya mashine ya kusafishia saa.

Nikamrudishia Risiti, kifua mbele.

"Ndani ni pacha," nikamwambia. "Nipe nyeupe."

Hakuniangalia mimi. Aliigeuza ile ya kijani, akapitisha kidole penye stika iliyochanika, akaketi.

"Umeifungua."

"Kwani nitajuaje bila kufungua?"

"Fundi, wanaonunua hizi wanainunua stika. Ikichanika, ni saa ya kawaida yenye uso wa kijani. Nani atanipa bei hiyo tena? Nilikwambia macho tu."

Tulibishana, lakini mimi nilikuwa nabishana kwa ajili ya heshima tu. Alikuwa amenionya, na mimi nilimjibu kwamba si mtoto. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikalipa kwa akiba ya ile mashine ya kusafishia, yote, na nyingine juu yake. Ndivyo nilivyoamua kwamba toleo maalumu lina thamani ya bei yake.

Jumapili nikampa boksi. Alilifungua polepole, akaitoa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuigeuza mgongo. Akaisoma namba.

"Mia moja na kumi na saba. Maana yake nini?"

Nikamweleza kwa maneno ya Risiti, neno kwa neno, kama ni yangu. Kwamba ziko mia mbili tu. Kwamba hii haina mwenzake. Kwamba hakuna mtu popote anayeweza kuja kusema ni yake.

Mke wangu alilia. Sikuwa nimemwona akilia tangu tumzike baba yake. Aliivaa, akaunyoosha mkono mbali, akauvuta karibu, akaniuliza kama kulikuwa na za bei nafuu. Nikasema zilikuwepo. "Nilipoiona hii tu," nikamwambia, "nikajua ni yako." Neno hilo hakuniomba. Nililisema kwa sababu uso wake ulikuwa mzuri mno, nikataka uendelee hivyo. Usiku sikulala vizuri, yeye akalala na saa mkononi.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwangu ilikuwa na upana wa korido. Alhamisi, baada ya shule, mke wangu akapita kumshukuru Risiti. Yeye ndivyo alivyo, akipewa kitu humshukuru mpaka aliyekifunga kwenye karatasi. Nilimwona kupitia mlango wangu ulio wazi, amesimama kwenye kaunta na mkono wake wenye saa. Risiti alikuwa anacheka. Hakuwa na nia mbaya, kwake ilikuwa hadithi ya kuchekesha ya fundi mbishi. Nilimwona akionyesha kwa kidole jinsi kisu kilivyoingia. Nilitaka kuinuka, nikabaki kitini.

Mke wangu akavuka. Akaketi kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, na uso wa mtu anayesubiri zamu yake.

"Mashine ni zile zile?" akauliza.

"Zile zile."

"Na nyeupe nayo ni nzuri?"

"Nzuri sana. Mama, nisikilize, mimi—"

"Sijakasirika kwa bei, wala kwa kuifungua. Ni kazi yako." Aliufunika uso wa saa kwa kiganja cha mkono mwingine. "Nina swali moja tu. Ile stika isingechanika, leo ningekuwa nimevaa ipi?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi, na lingemuua. Nikatafuta jingine. Nikasafisha koo, nikaisogeza taa ambayo haikuwa imewashwa, nikakumbuka jinsi alivyolia Jumapili na nikamtaka yule mwanamke arudi.

"Hiyo hiyo," nikasema. "Ningekununulia hiyo hiyo."

Lakini mke wangu amefundisha zaidi ya miaka ishirini. Anamjua mtoto anayelikumbuka jibu na anamjua anayelitunga akiwa amesimama. Alinitazama kama anavyowatazama hao wa pili, bila ukali wowote, akatikisa kichwa kidogo.

"Haya," akasema. "Keti."

Nilikuwa nimeketi muda wote.