Maji Meusi Kwenye Sakafu Yangu

Shemeji yangu Orrin hakuwa mwongo, isipokuwa Jumamosi. Hiyo ndiyo siku yake ya pikipiki ya theluji. Pale njia ya mlimani inapoanzia kuna ubao, na kila mtu huandika jina lake, anakokwenda na saa ya kurudi. Misimu miwili ya baridi Orrin aliandika "Mgongo wa Kondoo," na misimu yote miwili hakukanyaga huko.

Nilijuaje? Pikipiki yake hulala bandani kwangu, maana mkewe Delpha, mdogo wangu, amejaza banda lao mitungi ya jemu. Theluji iliyoganda chini ya pikipiki huyeyukia sakafuni kwangu. Pikipiki za wengine ninaowahifadhia huniachia maji meupe, lakini ya Orrin yalikuwa meusi, na vipande vya mkaa ndani. Msitu ulioungua huku kwetu ni mmoja tu, ule wa Bonde la Birika. Watu waliacha kwenda huko tangu ule moto, kwa hiyo theluji yake hukaa laini kama unga uliochekechwa. Mtu akigundua mahali kama hapo hamwambii hata mchungaji wake.

Nami sikumsema. Nilimwambia tu, "Shemeji, sakafu yangu imechafuka kweli. Delpha akiniuliza, sijui nimjibu nini."

Jumamosi iliyofuata nikaletewa samaki wawili waliokaushwa kwa moshi, wamefungwa vizuri kwenye gazeti. Ikawa hivyo kila wiki.

Mengine Orrin alifanya sawasawa. Haondoki kabla ya kusoma taarifa ya asubuhi ya hali ya theluji. Mgongoni ana koleo, kifuani ana kile kifaa kinachoita ukifukiwa na theluji. Akiona kulungu upande wa jua, huzunguka mbali, maana mnyama aliyekonda ukimkimbiza mwezi wa pili, wa nne haufikii. Kasoro yake ni kwamba alikwenda peke yake, tena akadanganya alikokwenda.

Jumamosi moja ya Februari aliandika kwamba atarudi saa nane mchana. Saa tisa na nusu Delpha akanipigia simu. Tulipofika kwenye maegesho ya pale penye ubao, pikapu yake ilikuwapo, yeye hayupo. Marnie, kiongozi wa waokoaji, alikuwa ameshakusanya watu sita. Jua lilibakiza saa moja na nusu hivi.

"Haya, Mgongo wa Kondoo," Marnie aliwaambia wenzake, akifunga kofia yake ngumu.

Huko ni mashariki. Birika iko magharibi.

"Marnie, hayuko huko," nikasema.

"Bibi Twyla, ubao unasema..."

"Ubao unasema alichoandika mwanamume mwenye siri. Yuko Birika."

Delpha akanigeukia. "Umejuaje?"

"Maji ya sakafuni. Yana mkaa."

"Tangu lini?"

"Msimu uliopita."

"Na hukuniambia, dada?"

"Alikuwa ananiletea samaki."

"Samaki!"

"Wa moshi, Delpha. Si wa hivi hivi tu."

Nilidhani atanizaba kofi, na angekuwa na haki.

"Mtagombana baadaye," Marnie alisema. "Bibi, una hakika? Nikikosea, sitakuwa na mwanga wa kwenda upande wa pili."

Nikasema nina hakika.

Mimi hakunichukua. Tulibaki na redio, Delpha na mimi, ndani ya pikapu ya Orrin. Tulimsikia Marnie akiwakataza watu wake kupita chini ya ule mteremko mkali, maana upepo ulikuwa umerundika theluji mpya juu yake. Wafuate miti upande wa pili, mmoja mmoja, wengine wakitazama. Delpha alikuwa akinong'ona, "Haraka, haraka," lakini wale hawakuharakisha, na ndivyo inavyotakiwa.

Kisha redio ikakoroma. Wamemwona. Theluji iliyofunika kijito ilikatika, pikipiki ikatumbukia kichwa chini, na kifundo cha mguu wake kikavunjika. Alikuwa amekaa kwenye gogo, amelowa hadi magotini, mbele yake moto wa vijiti vilivyokwisha kuungua mara moja. Moto wenyewe ulikuwa unakaribia kuzimika, na vijiti vingine hakuweza kuvifikia.

Neno lake la kwanza tulilisikia wote. "Nani kawaleta huku?"

"Sakafu ya shemeji yako," Marnie akamjibu.

"Saba! Mmekuja watu saba! Si mngeleta na kijiji kizima!"

Hapo Delpha akaanza kulia, na kucheka, yote kwa pamoja, akanipiga begani kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Mguu ulipopona, msimu mwingine ulikuwa umeanza. Delpha alitukalisha wote wawili jikoni akatoa hukumu. Orrin ataandika ukweli ubaoni, na hatapanda peke yake tena.

"Nitapanda na nani?" Orrin akauliza.

"Na huyu aliyekula samaki."

Nina miaka sabini na tatu na pikipiki yangu inakohoa. Lakini kila Jumamosi chini ya jina lake liko langu, na mbele yake, "Bonde la Birika," kwa mwandiko wake wa kununa. Yeye hutangulia. Kila akivuka mahali pa wazi husimama mitini na kupiga honi, kuhakikisha nipo. Mimi humjibu, ingawa samaki nimenyimwa, kwa hiyo honi yangu huchelewa kidogo.