Machteld Ajichora Upya

Wanachama wote wa kikundi cha wachoraji cha Leiden walipewa kazi moja: kuichukua ile picha ya uzeeni ambayo mchoraji mkongwe wa mji wao alijichora mwenyewe akiwa na kilemba kichwani, na kuichora upya, kila mtu kwa namna yake na kwa uso wake. Picha moja tu ingetundikwa kwenye ukumbi wa manispaa. Machteld alikuwa ameitamani nafasi ile kwa miaka kumi na tisa, na safari hii hakuwa na shaka hata chembe. Dada yake alishaambiwa aje na keki.

Alipita mbele ya kazi za wenzake, mikono nyuma, mdomo kaubetua. Huyu kajivika miwani ya jua. Yule kampakata paka. Upuuzi mtupu. Watu wanashika brashi kana kwamba wanapaka rangi uzio, halafu eti nao wachoraji.

Kwa Wietske, mjane wa muuza samaki, alisimama kabisa. Wietske alikuwa amejichora na macho yaliyovimba, videvu viwili, na pua nyekundu yenye umbo la kiazi kilichomenywa vibaya.

"Wietske, mwenzangu, hujionei huruma?"

"Ndivyo nilivyo."

"Hata kama. Si ungejipunguzia kidogo?"

"Nijipunguzie nini, na watu wananiona sokoni kila Jumamosi?"

Machteld aliguna. Kubishana na mtu wa namna hii ni kujichosha bure.

Yake ilikuwa mwisho wa ukuta, na haki yake apewe, mkono alikuwa nao. Mwanga wa dhahabu upande mmoja, giza la kahawia upande wa pili, kilemba kila mkunjo mahali pake. Aliihangaikia miezi mitano.

Bwana Roelof, mwamuzi kutoka Haarlem, alimaliza kahawa na biskuti yake moja, akaanza kuzunguka. Kwa Wietske alikaa muda mrefu, mpaka Machteld akaona aibu kwa niaba ya yule mjane. Hatimaye akamfikia yeye.

"Kazi safi sana, mama. Kilemba umekiweza haswa."

"Asante," alisema Machteld, kwa adabu ya mshindi.

"Ila sharti lilikuwa mtu ajichore mwenyewe." Aliitazama picha, akamtazama yeye, akairudia picha. Hakuwa na kejeli hata kidogo, na hilo ndilo lililouma. "Huyu nani, binti yako?"

Kusema "ni mimi", na uso wake wa miaka sabini uko pale pale kando ya ule wa arobaini? Bora kufa.

"Ndiyo," alisema. "Binti yangu."

"Basi pole, hii hatutaihesabu." Akarudi kwa Wietske, akaandika jina lake.

Machteld hakuwahi kuzaa, na Wietske alilijua hilo vizuri. Alimtazama tu, akainamia kikombe chake. Machteld akatamani mwenzake angemcheka.