Chupa Saba Bila Alama

Usiku wa jana niliota, nami si mtu wa kuota. Niko kwenye foleni ya benki ya damu, nimembeba mgongoni mdogo wangu Mwatumu. Ana miaka ishirini na sita na ananizidi urefu, kwa hiyo miguu yake inaburuta sakafuni. Ugonjwa wa selimundu umemmaliza damu. Asipoongezewa chupa saba kabla ya adhuhuri, atakufa. Ananiambia mwenyewe sikioni.

"Dada Riziki, fanya haraka, basi."

Mkononi nina karatasi yenye mstari mmoja. Nimeuandika kwa asembli, lugha ninayoandikia mashine kazini kila siku. Lakini mashine haisomi karatasi. Lazima kwanza umkabidhi asembla, mkalimani wake, naye akugeuzie maneno yawe namba. Mstari wangu unasema:

hamisha Mwatumu, Riziki, 7

Nilivyokusudia mimi: mpe Mwatumu, toa kwa Riziki, chupa saba.

Mbele yetu kuna madirisha mawili, kila moja na asembla wake. Kwenye la kwanza amekaa cherehani aliyevaa miwani, na foleni yake inazunguka jengo zima. Kwenye la pili amekaa mbuzi ya kukunia nazi, kafunga tai, hana mteja hata mmoja.

Asembla ni asembla, nikajisemea. Na kazini ndimi ninayewagombeza wenzangu kwa kosa hilohilo, kuandika kwa desturi ya asembla huyu kisha kumpelekea yule! Lakini mgonjwa yuko mgongoni, nikaenda pasipo na foleni.

Mbuzi anaupitisha mstari wangu kwenye meno yake. "Imeeleweka," anasema.

Mrija unatoka ukutani, unajichomeka mkononi kwa Mwatumu, kisha kwangu. "Samahani," mrija unasema. "Ndiyo kazi."

Damu inaanza kwenda. Nasikia joto, mashavu yananijaa, pete inanibana kidole. Mgongoni Mwatumu anazidi kuwa mwepesi.

Jamani! Inakuja kwangu!

"Simamisha!" napiga kelele.

"Umemwandika Mwatumu kwanza," anasema mbuzi. "Kwa cherehani, wa kwanza ndiye mpokeaji. Kwangu mimi, wa kwanza ndiye mtoaji. Hukusoma kibao?"

Kibao kipo, kikubwa kama mlango. "Nimesimama hapa tangu asubuhi," kinasema.

"Lakini nani anamtoa damu mgonjwa? Huna akili?"

"Sina," mbuzi anajibu bila kukasirika. "Nageuza kilichoandikwa."

Sasa hatuko tena hospitali. Tuko darasa la tatu, shule niliyosomea, na Mwatumu kalazwa juu ya meza ya mwalimu, midomo imekuwa ya kijivu. Woga ulionishika hapo sijawahi kuupata nikiwa macho. Mama alipokuwa anakata roho aliniambia maneno matatu tu, "Mwangalie mdogo wako." Nimemwangalia miaka kumi na mmoja. Leo nimuue kwa kukwepa foleni?

"Nipe kalamu!"

Ananipa. Ni nzito kama mchi. Nafuta kwa mikono miwili, naandika upya, mtoaji mbele:

hamisha Riziki, Mwatumu, 7

"Na hiyo saba?" anauliza mbuzi.

"Saba ina nini?"

"Kwa cherehani, saba ni saba. Kwangu mimi, namba isiyo na alama ya dola mbele yake si idadi. Ni namba ya chumba. Naenda chumba cha saba, natazama kilichomo, nachukua hicho."

Mlango ulio nyuma ya ubao unafunguka wenyewe. Chumba ni kitupu. Ukutani kumeandikwa kwa chaki: 4,010.

"Chupa elfu nne na kumi," anasema mbuzi. "Unaweza kurekebisha. Ila ukigusa karatasi mara ya pili unarudi mwisho wa foleni."

Nageuka. Dirisha lake lililokuwa halina mtu sasa lina foleni hadi getini, na wote wamenigeuzia nyuso. Mezani Mwatumu anavuta pumzi moja, kisha anasahau kuvuta ya pili.

Mwili wangu mzima haujazi hata chupa kumi na mbili.

"Anza," namwambia.

"Kama ilivyoandikwa?"

"Anza, wewe!"

Mrija unageuka. "Samahani tena," unasema. Chupa ya kwanza, vidole vinakufa ganzi. Ya pili, siwezi kusimama. Ya tatu, midomo ya Mwatumu inaiva, anakaa kitako mezani, ananitazama. Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshachomoza. Kilichoniamsha ni sauti ya ufagio. Mwatumu alikuwa anafagia uani, yeye ambaye wiki nzima hakuweza kuinua hata kikombe, tena anaimba! Akachungulia mlangoni.

"Dada, sijui nimepatwa na nini, nimeamka mzima. Hata hospitali tusiende leo." Kisha akasita. "Wewe mbona umepauka hivyo?"

"Sijanywa chai," nikamwambia.

Alipoondoka nikajitazama mkono. Ndani ya kiwiko palikuwa na pamba ndogo iliyobanwa kwa plasta. Nikaibandua. Chini yake kulikuwa na kikaratasi kimekunjwa, kina alama za meno pembeni.

Zimetoka 3. Zimebaki 4,007.

Uani Mwatumu alikuwa ameanza tena kuimba. Nikairudisha pamba mahali pake, nikaibonyeza plasta mpaka ikashika.