Kitanda cha Nanga ya Pili

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Nikikaribishwa chai nyumba nisiyoijua, nangoja mwenyeji anywe kwanza. Kwa hiyo nilipohamishiwa Mtwara kutoka Mbamba Bay, kule Ziwa Nyasa, niwe nahodha wa boti ya dawa, nikaambiwa palepale kwamba nahodha aliyenitangulia alikuwa msaliti, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuikagua ile boti ubao kwa ubao.

Ilikuwa boti ndogo ya injini, yenye chumba cha kuweka masanduku na kumlaza mgonjwa. Ilipeleka dawa Msimbati na vijiji vya kusini mpaka mdomo wa Ruvuma. Ng'ambo ya mto Mreno alikuwa bado na bunduki zake. Nahodha yule, Hamisi, alitoka masika yaliyopita peke yake, msaidizi wake akiwa na homa. Wavuvi waliikuta boti imepanda fungu la mchanga mdomoni pa mto, tupu. Mwili haukuonekana. Tawi la chama likasema ameogelea kwa Mreno, na habari ikaishia hapo.

Tezini, huko nyuma ya boti, nilifunua turubai nikakuta magogo mawili ya mninga yaliyokazwa kwa boliti. Yalikuwa yamechongwa mifereji kwa uangalifu, na kando yake kulikuwa na tundu la kigingi. Chini yake palikuwa na kapu kubwa lisilo na kitu. Nikaweka mkono kwenye mfereji, nikapima. Bunduki ingelala hapo raha mustarehe.

"Umeyaona na wewe," alisema Filipo nilipomwuliza. Filipo alikuwa mtunza ghala wetu, na ndiye katibu wa tawi. "Huo ndio ushahidi. Jumamosi tuna mkutano. Mke wake bado anakaa nyumba ya serikali kule Ufukoni, kama vile hakuna kilichotokea. Nyumba hiyo ni yako, Ndugu Josephu. Wewe simama tu useme unaihitaji."

Niliihitaji kweli. Mke wangu Sabina na watoto walikuwa Mbamba Bay wakingoja niwaite, na mimi nililala ndani ya boti nikinuka dizeli.

Yule mke aliitwa Mwanahawa, watu wakimwita Mama Amina. Karibu kila jioni alifika gatini, akasimama mbali kidogo na kuitazama boti. Haikuwa boti nzima aliyoitazama, ilikuwa tezi tu. Hilo lilinikera. Nikajiambia mwanamke huyu anajua kilichokuwa kikilazwa pale. Nikaenda Ufukoni kwa kisingizio cha kuiona nyumba. Alinipokea kwa heshima, akanitandikia mkeka barazani, lakini kabla sijakaa aliingia ndani akaufunga mlango wa chumba cha nyuma. Nilisikia komeo. Chai yake sikuinywa.

Wiki hiyohiyo mimi na msaidizi wa boti tukaenda mdomoni pa mto na dawa. Nilitupa nanga ya omo, ile ya mbele, tukalala vizuri huku maji ya mto yakitusukuma kuelekea baharini. Kisha bahari ikaanza kujaa. Sisi watu wa ziwa hatujazoea maji yanayobadili nia. Boti ikageuka taratibu, ikaizunguka nanga yake, ikaivuta kwa upande ambao nanga haikujichimbia, nayo ikang'oka. Nilipotupa macho, mikoko ya ng'ambo ilikuwa inasogea kwetu. Niliogopa, tena sana. Injini iligoma, ikagoma tena, ndipo ikawaka.

Nikiwa njiani kurudi nilijua ninachotaka. Nilitaka nanga ya pili nyuma, itupwe upande wa baharini, ili maji yakigeuka boti isigeuke nayo. Nikaenda ghalani kuiomba.

Filipo alinitazama. "Hata Hamisi aliomba nanga ya pili."

"Ukampa?"

"Boti moja, nanga moja. Nilijiuliza, mtu mwenye nanga mbili anataka kulala wapi huko? Na wewe, Ndugu, unataka kulala wapi?"

Alisema kwa tabasamu, lakini tangu dakika hiyo nilijua nami nimo kwenye macho yake. Nilirudi kwenye boti nikiwa na hasira ya kuweza kuuma chuma. Nikafunua turubai. Mfereji mmoja mrefu, wa mti wa nanga. Mmoja wa kukatisha, wa mikono yake. Kigingi cha kuizuia isicheze mawimbini. Na kapu la kuwekea kamba, ili itoke bila kujisokota. Nilikuwa nimekitazama kitanda cha nanga nikakiita kitanda cha bunduki, kwa kuwa ndicho nilichotaka kukiona.

Kitanda kilikuwa tupu, kwa hiyo nanga ilikuwa mahali, na nikalikumbuka lile komeo. Nilikwenda moja kwa moja Ufukoni.

"Mama Amina, kuna nini chumba cha nyuma?"

"Hakuna kitu, kaka."

"Basi nikwambie mimi. Kuna nanga."

Aliketi, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha akaenda kufungua. Ilikuwa chini ya kitanda chake, imezungushiwa magunia, nyeusi, mpya kabisa.

"Ghala walimnyima," alisema. "Akaokota chuma cha reli, ile reli ya mradi wa karanga iliyong'olewa, akampa mhunzi wa Mikindani. Mhunzi kaileta siku moja baada ya yeye kuondoka. Aliamriwa aende, hakupewa nafasi ya kungoja."

"Kwa nini hukuionyesha?"

"Chuma cha reli ni cha serikali, kaka. Mume wameshamwita msaliti. Na mimi waniite mwizi, wanangu wabaki na nani?"

Nilikuwa nimekuja mara ya kwanza kuipima nyumba yake.

Jumamosi nilisimama mkutanoni. Filipo alinikaribisha kwa bashasha, akidhani nitaomba nyumba. Niliomba wanachama watoke tuende gatini, hatua chache tu. Mwanahawa alikuwa amekwisha kufika, nanga iko kwenye toroli. Alinikataza kuishika. Aliinyanyua mwenyewe, akapanda nayo mpaka tezini, akailaza. Ikaingia mifereji yote miwili, haikubaki nafasi ya kupitisha ukucha. Akatia kigingi.

"Mtu anayetaka kukimbia," nikasema, "hajengei nanga kitanda. Hii ni ya kumzuia asiende ng'ambo. Aliiomba ghalani."

Watu wakamgeukia Filipo. Yeye aliitazama nanga, akasema, "Chuma hiki ni cha reli. Kimetoka wapi?"

"Ni cha serikali," akasema Mwanahawa. "Na boti ni ya serikali. Nimekirudisha. Sasa na nyie nirudishieni mume wangu, hata jina lake tu."

Mwenyekiti wa tawi alivua kofia, akasema suala la nyumba limefungwa, Mama Amina abaki. Filipo, mpaka naondoka Mtwara miaka baadaye, hakuacha kunichungulia kila nilipotia mafuta. Sabina aliposikia nyumba imenipita alinuna mwezi mzima.

Safari iliyofuata Mwanahawa alikuja gatini, akasogea mpaka karibu. "Uitupe palepale walipoikuta boti, kaka," alisema.

Niliitupa pale. Mbele nanga ya ghala, nyuma nanga ya Hamisi. Tulikaa mimi na msaidizi, tukiitazama mikoko ya ng'ambo, mpaka maji yakageuka. Boti haikugeuka.