Tiketi Mbili za Bi Mwanapili

Muhiddin, mkata tiketi wa Darajani, aliandika bei kwenye kipande cha karatasi, akakisukuma mezani kwa kidole kimoja. Bi Mwanapili alikisoma, akakirudisha.

"Milioni mbili na laki sita, kwenda Maskati na kurudi?"

"Msimu wa wageni huu, Bi Mwanapili. Disemba ndege zimejaa mpaka chooni. Subiri mwezi wa nne, nitakukatia kwa nusu yake."

"Mwezi wa nne mwanangu atakuwa amekwisha kumaliza arubaini. Au nimwambie mtoto aliye tumboni asubiri msimu wako?"

Muhiddin alicheka. Bi Mwanapili hakucheka. Mashavu, binti yake wa pekee, alikuwa na mimba ya kwanza, na daktari wa Maskati alikwisha kumwonya kwamba huenda akajifungua kabla ya mwaka kwisha. Amour, mumewe, alifanya kazi katika visima vya mafuta jangwani, na alirudi nyumbani kila baada ya wiki tatu. Hapakuwa na mtu wa kumkanda Mashavu kwa maji ya moto, wala wa kumfunga mkaja tumboni, wala wa kumpikia uji wa pilipili manga. Kwao Kiwengwa, kazi hiyo ni ya mama wa mzazi, na mama aliye hai haachi kuifanya. Viza alikwisha kutumiwa na mkwewe. Fedha alizokuwa nazo, jasho la mwani wa miezi minane, zilikuwa milioni moja na laki mbili.

Asubuhi ya pili yake, alipokuwa akipandisha gunia la mwani kutoka pwani, basi la hoteli kubwa lilimpita likiwa na kichwa katika kila dirisha. Halikukawia, likatoka tena, tupu. La pili likafanya vivyo hivyo. La tatu lilipotoka, Bi Mwanapili alilitua gunia na kusimama katikati ya njia mpaka dereva akafunga breki.

"Jecha! Mbona unarudi uwanja wa ndege na viti vitupu?"

"Shikamoo, Bi Mwanapili. Utanitia jela leo!"

"Marahaba. Nijibu."

"Wote wanakuja kula sikukuu. Wataondoka mwaka mpya ukishapita. Kwa sasa nimrudishe nani?"

"Na ndege iliyowaleta inalala hapa?"

"Ilale ifanye nini? Inawashusha, inaondoka."

"Inaondoka na nani?"

"Wallahi sijui. Labda na rubani."

Jioni ile Bi Mwanapili alikwenda nyumbani kwa kaka yake, Borafya, ambaye binti yake, Salhiya, alikuwa mpokea wageni katika hoteli ile ile na alijua kutafuta tiketi kwa simu.

"Muhiddin kakutafutia vipi, shangazi?"

"Tiketi moja, kampuni moja, kwenda na kurudi. Ndivyo anavyomkatia kila mtu. Wewe ikate safari vipande viwili. Nitafutie kwenda peke yake, wiki hii wanayoingia wageni."

Salhiya alipekua siku baada ya siku. "Jumanne laki tisa. Jumatano laki tisa. Alhamisi... shangazi! Laki tano na nusu! Ndege inashusha wageni hapa, inarudi kwa njia ya Maskati."

"Iache hapo hapo. Sasa kurudi, mwisho wa mwezi wa pili."

"Kuja Unguja, milioni na nusu."

"Bila shaka. Wageni bado watakuwa wanakuja Unguja. Nitafutie ya kuteremka Dar es Salaam. Kutoka huko nitapanda boti."

Ilipatikana kwa laki nne na elfu thelathini, ya kampuni nyingine.

Borafya, aliyekuwa akiwasikiliza, aliangua kicheko. "Tiketi mbili, waume wawili! Watakuuliza wewe mke wa nani. Watakurudisha kutoka uwanjani, na pesa watakula."

"Baba kasema kweli, shangazi. Tiketi za bei hii hazirudishiwi pesa."

"Basi nisomee masharti. Yote."

Salhiya alisoma na kufasiri hadi sauti ikamkauka. Mawili yalimhusu shangazi yake: mzigo ni wa mkononi tu, usizidi kilo saba, na abiria asiye mwenyeji wa nchi anayokwenda awe na tiketi ya kurudi nchini kwake. Hilo la pili Bi Mwanapili aliamuru lisomwe mara tatu, na lichapwe kwenye karatasi.

"Lipa," akasema.

Kilo saba zilimletea uadui. Msafiri wa Maskati hatoki Kiwengwa bila ya mizigo ya majirani, nao walikuja na pweza mkavu, halua na kofia za ndugu zao. Bi Mwanapili aliuweka mkoba wake kwenye mizani ya kupimia mwani: mkaja, unga wa liwa wa kumpaka mzazi, pilipili manga na doti mbili za kanga. Sindano ilikaa chini kidogo ya saba.

"Rudini na halua zenu," akawaambia. Bi Makungu wa nyumba ya pili alimnunia mpaka siku ya safari.

Alhamisi, kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, karani aliitazama tiketi kisha akatikisa kichwa.

"Mama, hii ni ya kwenda tu. Bila ya tiketi ya kurudi siwezi kukupandisha."

Bi Mwanapili akatoa karatasi ya pili.

"Lakini hii ni ya kampuni nyingine. Tena inaishia Dar es Salaam."

"Dar es Salaam iko nchi gani, mwanangu?"

"Tanzania."

"Na hapa tuliposimama?"

Bi Mwanapili akamwekea mbele masharti yaliyochapwa. "Sharti lenu linataka tiketi ya kurudi. Nionyeshe lilipotaja kampuni. Nionyeshe lilipotaja kiwanja."

Msimamizi aliitwa. Alisoma akiwa amesimama, akarudia tangu mwanzo. Bi Mwanapili alisubiri huku mikono yake imebana kaunta. Akikataliwa, fedha zimekwenda, na Mashavu atazaa peke yake.

"Ana haki," msimamizi akasema. "Mpe kiti."

"Cha dirishani kipo?"

"Mama, vipo zaidi ya mia. Chagua."

Alichagua safu nzima, akanyoosha miguu iliyozoea kusimama majini.

Mashavu alijifungua Jumapili adhuhuri, mtoto wa kike, huku ameung'ang'ania mkono wa mama yake. Amour alipofika kutoka jangwani siku ya nne, alimkuta mkewe ameshakandwa, amefungwa mkaja, anakunywa uji wa pilipili manga. Alitaka kumbeba mwanawe papo hapo, lakini mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Mikono," akasema Bi Mwanapili. "Kanawe kwanza."