Redio Isiyojua Shikamoo

Naapa, mimi Mwalimu Pazi sijapata kukitaka kitu maishani mwangu kama nilivyoitaka ile redio. Barua ya mkaguzi ilisema shule yetu, nje kidogo ya Mitole, itapewa redio ya betri ya kusikiliza masomo kutoka Dar es Salaam, robo saa kila Jumatano, mradi kamati ya wazee itie sahihi mpango wa kuitumia. Wakikataa, inakwenda shule ya Rondo. Rondo! Wana saa ya ukutani tayari, wanataka nini tena?

Redio ilipofika nikawaita wazee waisikie kwanza. Wakaja kumi na mmoja, kanzu safi, mwenyekiti Mzee Mfaume mbele. Nikaifungua.

"Hamjambo, watoto!" ikasema redio, kwa furaha kabisa.

Mzee Mfaume akanigeukia. "Nani huyo?"

"Mwalimu wa Dar es Salaam, baba."

"Anaingia kwa watu wazima bila hodi, halafu hamjambo?"

"Yeye hatuoni sisi, baba."

"Asiyeona ndiye apige hodi zaidi. Lipelekeni Rondo."

Jamani! Nilitaka kulia. Nikaomba, nikabembeleza, jasho likanitoka. Mwishowe Mzee Kondo akanionea huruma. Akasema mgeni akikosa adabu, mwenyeji wake ndiye humwombea radhi. Basi kila redio ikifunguliwa, mwalimu awasalimie wazee kwa niaba yake. Wakaridhika, wakatia sahihi kwa herufi za Kiarabu.

Jumatano ya kwanza Lusia, kiranja wa darasa, akafungua redio ndani. Mimi nikatoka nje barazani, wazee wamejipanga wote.

"Shikamoo, Mzee Mfaume."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo? Mama watoto? Na muhogo je, nguruwe wamekuachia?"

Nikajibu. Nami nikamuuliza wa kwake, maana nisipouliza ni kosa jingine. Kisha Mzee Kondo. Kisha Mzee Abilahi, mwenye wake watatu, na kila mke ana mguu unaomuuma. Hakuna aliyekubali kurukwa. Nilipomfikia wa kumi na moja, watoto walikuwa wanatoka, somo limekwisha.

Huu mwaka wa pili. Watoto wanajua kwa nini mwezi hupatwa, wanajua treni inavyokwenda kwa mvuke. Nikiwauliza, Lusia hunieleza polepole, kwa upole, halafu ananiuliza, "Umeelewa, Mwalimu?"