Barua ya Mistari Minne

Mwalimu Ephraim alimfukuza Ghati kwa barua ya mistari minne. Hakumpiga wala hakumtukana. Angalau tusi lingesahaulika. Aliandika kwamba binti huyu hana uwezo wa kusoma, mzazi amtafutie cherehani, akagonga mhuri. Ndivyo alivyofanya kila mwaka kwenye sekondari yake ya binafsi pale Kabasa, Bunda: wanaosuasua anawatoa kabla ya Form Four, wastani wa shule unabaki juu, wazazi wapya wanamiminika. Mjanja kweli huyo!

Dorotea, mama yake Ghati, alitaka kuichana ile barua nyumbani kwao Butiama. Ghati akamnyang'anya.

"Usichane, mama. Nitamrudishia mwenyewe."

Akapelekwa Nyakato, Musoma, kwenye kituo cha walioshindikana shuleni: vyumba viwili vya kupanga, humo mna mama anayenyonyesha na dereva bodaboda wanasoma benchi moja. Mwalimu wao, Safina, alimpa kitabu siku ya kwanza, akasema, "Nisomee." Ghati akasoma, jasho linamtoka.

"Kumbe unajua," Safina akasema. "Ila unakimbilia mwisho wa sentensi kama unafukuzwa. Nani anakufukuza?"

Ghati akamtaja. Tangu siku hiyo, hesabu zikimgomea alitoa barua, akaisoma, hasira ikampanda, akarudi kwenye hesabu.

"Chuki itakuchosha, mwanangu," Safina akamwonya.

"Mwalimu, hiyo ndiyo inaniamshaga asubuhi."

Mtihani alifanya kama PC, mtahiniwa wa kujitegemea, na kituo alichopangiwa kilikuwa kulekule Kabasa. Ephraim alipita kando ya dawati lake, akamtazama usoni, asimtambue. Lo! Hilo lilimuuma kuliko barua yenyewe. Umfukuze mtu halafu hata sura yake usiikumbuke?

Matokeo yakatoka: divisheni wani. Hapo ndipo mzee Ephraim alipojichongea. Aliliona jina la Ghati kwenye orodha ya waliofanyia mtihani kwake, akamwambia karani atafute faili. Karani akabandua picha ya Form One, wala hakuna aliyejisumbua kusoma zaidi, hadi nakala ya barua ya kumfukuza. Wiki iliyofuata sura ya Ghati ilikuwa kwenye bango la getini, chini yake wameandika "Matunda ya shule yetu." Kisha Ephraim akampigia simu Dorotea: aje na binti kwenye kikao cha wazazi, awatie moyo wenzake.

"Ana uso mkavu huyu!" Dorotea akafoka.

"Twende, mama," Ghati akasema. Alikuwa anacheka.

Ukumbi ulijaa. Ghati akapanda jukwaani. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu!" Ephraim akampa maikrofoni huku akitabasamu. Ghati akamrudishia, pamoja na karatasi.

"Mimi kuongea mbele za watu sijazoea. Naomba unisomee."

Ephraim akaanza kusoma kwa madaha. Alipofika mstari wa pili akaona saini yake chini. Sauti ikamkatika.

"Endelea, mwalimu. Hujafika kwenye cherehani."

Ephraim akaikunja ile karatasi. Basi Ghati akachukua maikrofoni, akaisoma yote kwa kichwa, taratibu, neno kwa neno, bila kukimbilia mwisho. Alisikia raha ambayo hakuwahi kuisikia maishani, na hakuona aibu kuisikia.

Mwanamke wa safu ya tatu akasimama, akafungua mkoba. "Binti yangu kapewa barua hii Ijumaa," akasema. "Maneno ni hayohayo. Hata cherehani ipo." Nyuma yake baba mmoja akatoa karatasi mfukoni. Kisha wa tatu akasimama.

Ephraim akamsogelea Ghati, ananong'ona. "Binti yangu, nisamehe. Haya tukayamalize ofisini."

"Subiri, mwalimu," Ghati akasema kwenye maikrofoni. "Wenzangu hawajasoma zao."

Akamwekea maikrofoni mkononi, akashuka kukaa na mama yake. Mwanamke yule alikwisha kufika jukwaani, amenyoosha mkono. Ephraim akampa.